Cheti cha Kifo cha Mtu Ambaye Hakuzaliwa

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu. Nawasalimu nikiwa hai, na hilo peke yake ni jambo la kushukuru, kwa sababu wako watu katika kanisa hili ambao walikuwa wameshaanza kupanga nani atapika siku ya matanga yangu. Sitawaficha majina. Mchungaji aliniambia ushuhuda ni wa kumsifu Mungu, si wa kushtaki watu. Nilimjibu kwamba Mungu alinitoa mikononi mwa watu, hakunitoa mikononi mwa upepo, na watu wana majina. Basi nikaandika.

Mimi ni Kemunto. Nilizaliwa upande wa Nyansiongo, nikasoma hadi darasa la nne, basi. Nikiandika vibaya mtanivumilia. Niliolewa hapa Kebirigo nikiwa msichana, na wengi wenu mnajua niliolewa vipi, ila wageni hawajui, kwa hivyo nitaeleza.

Mama Bosibori alifiwa na mumewe akiwa hana mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja tu, naye alikuwa ameolewa. Ng'ombe wa mahari walioletwa kwa ajili ya binti huyo, Mama hakuwauza. Aliwachukua akawapeleka kwetu, akanioa mimi. Hakunioa awe mume wangu. Alinioa niwe mke wa mwana ambaye yeye hakubahatika kumzaa. Hiyo ni desturi ya huku ya tangu zamani, na ng'ombe ni ng'ombe. Mwana huyo alikuwa na jina tayari, Omwenga, jina la babu wa boma hilo. Nyumba yangu ilijengwa pale ambapo nyumba ya mwana mkubwa hujengwa. Nilizaa watoto wawili, na wote wanaitwa Omwenga mpaka shuleni. Baba yao yupo, watoto wanamjua, na hamtasikia jina lake hapa kwa sababu yeye hakunikosea.

Kanisa halikupenda ndoa ile. Nilikaa nje ya ubatizo miaka mingi, nikisikiliza mahubiri kutoka benchi la nyuma. Silalamiki juu ya hilo leo. Nataka tu mjue kwamba mahali pote nilipokwenda, nilikuwa mke wa Omwenga, na hakuna aliyewahi kuniuliza Omwenga ni nani. Walijua. Sokoni walinisalimu kwa jina lake. Kwenye chai walinisalimu kwa jina lake. Mtu hahitaji kuwa amezaliwa ili mkewe aheshimiwe, kwa desturi yetu.

Kisha ukaja mfuko wa matibabu.

Mfuko huu mnaujua, ndugu zangu, ni wetu sisi wakulima wa kituo kile cha kununulia chai. Kila mwezi tunakatwa kidogo kwenye chai, na mtu wa boma akilazwa, mfuko unapeleka hospitali barua ya kukubali, anatibiwa. Katibu wa mfuko ni Maranga, ambaye pia ni mzee wa kanisa. Ndiye aliyetuandikisha. Alikuja kituoni siku ya kupima chai, akaketi kwenye kiti chake, sisi tukasimama na vikapu mgongoni. Akamuuliza Mama Bosibori, ambaye namba ya chai ni yake, nyumbani kwake kuna nani. Mama akasema kuna mke wa mwanangu na watoto wake wawili. Maranga akauliza jina la mwana. Mama akasema Omwenga. Maranga akaandika Omwenga.

Nataka mlielewe jambo hili vizuri. Mama hakudanganya. Alijibu kama anavyojibu siku zote. Na Maranga hakudanganywa. Maranga ni mtu wa hapa. Siku niliyoletwa kwenye boma lile alikuwa kijana, na alikula nyama ya sherehe hiyo, akaongezwa. Alijua kuwa arusi ile haikuwa na bwana arusi. Lakini aliandika Omwenga, akageuza ukurasa, akaita mwingine. Wala hakutueleza kwamba sheria ya mfuko inasema mke wa mwana anatibiwa kwa haki ya mumewe, na mume huyo ni lazima aje mwenyewe aweke sahihi siku ya kudai. Sisi tulikatwa kwenye chai, mwaka baada ya mwaka, tukijua tuko ndani.

Halafu nikaanza kutokwa na damu. Nitasema wazi kwa ajili ya kina mama, kwa sababu wengine wenu mnaficha. Damu ya mwezi ilikuja ikakataa kwenda. Nilichuma chai nikiwa nimejifunga vitambaa, na nikiinuka macho yanaingia giza. Hospitalini Kisii daktari alinipima akasema kuna uvimbe kwenye kizazi, mkubwa, unatakiwa kutolewa. Nilimuuliza kama unaweza kungoja hadi bonasi ya chai, ile tunayolipwa mara moja kwa mwaka. Aliniangalia akasema, "Mama, wewe ndiye hutaweza kungoja." Akaniambia nilete barua ya mfuko.

Nilikwenda kwa Maranga. Ofisi yake ni kile chumba cha nyuma ya kituo. Alifungua faili polepole, kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea, ingawa alijua alimfunga wapi. Akasema mume wangu aje aweke sahihi. Nilifikiri anatania.

Nikamwambia, "Mzee, Omwenga unamjua."

Akasema, "Mimi namjua. Sheria haimjui."

Kisha akanieleza, kwa upole kabisa, na upole huo ndio niliokuja kuuchukia. Mume akiwepo, aweke sahihi na alete kitambulisho. Mume akiwa amekufa, niandikwe mjane, lakini nilete cheti cha kifo. Akiwa hayuko kwa njia zote mbili, basi mimi si mke na si mjane, na mfuko hauna mahali pa kuniweka. Nikauliza kama naweza kujiandikisha mwenyewe leo. Akasema naweza, kama mtu yeyote anayechuma chai, ila mwanachama mpya hungoja mpaka bonasi mbili zipite ndipo aanze kudai. Nikatoka nje nikaketi kwenye magunia ya mbolea. Damu ilikuwa inashuka hadi kwenye viatu.

Sasa sikilizeni habari ya Ombati.

Ombati ni mtoto wa ndugu ya marehemu mume wa Mama Bosibori. Shamba lake na letu yanapakana, mistari ya chai inagusana. Tangu nilipoletwa hakunipenda, kwa sababu kama nisingeletwa, shamba la Mama lingemwangukia yeye. Jioni ile alikuja nyumbani, mtu ambaye kwa kawaida alipita kwenye njia bila kusalimu. Alileta sukari. Akasema amesikia shida yangu na amepata dawa. Yeye anafahamiana na naibu wa chifu. Naibu anaweza kuandika barua kwamba Omwenga alikufa zamani, kabla watoto wangu hawajazaliwa, na akazikwa hapa nyumbani, na kwa barua hiyo tutapata cheti. Mashahidi wawili tu ndio wanaotakiwa. Yeye atakuwa mmoja. Mama awe wa pili.

Ndugu zangu, nitasema kweli, moyo wangu ulirukia pale. Nilikuwa mgonjwa. Niliona barua ya hospitali mkononi mwangu. Nikamgeukia Mama.

Mama Bosibori wakati huo macho yalikuwa yameanza kufifia, alikuwa anaketi karibu na mlango apate mwanga. Alikuwa anaondoa maganda ya maharagwe. Hakuacha. Akauliza, "Ombati, Omwenga akifa, nani anarithi chai yake?"

Ombati akasema hayo ni mambo ya baadaye, mgonjwa kwanza.

"Nimekuuliza."

"Desturi unaijua, Mama. Ndugu yake wa karibu."

"Na huyo ni nani?"

Ombati akacheka kidogo, akasema, "Mama na wewe, kwani boma hili lina ndugu wangapi?"

Mama akasema, "Mwana huyu sikumzaa. Sitamzika." Akaendelea na maharagwe yake. Ombati akaondoka, na sukari yake akairudisha mfukoni.

Nilimkasirikia Mama siku ile. Msifikiri tulikumbatiana. Nilimwambia yeye anamjali zaidi mtu ambaye hayupo kuliko mimi niliyepo, ninayembebea maji, ninayechuma chai yake, na sasa nakufa mbele ya macho yake. Nililala upande wangu, yeye upande wake. Asubuhi alikuwa amevaa gauni lake la Sabato, ingawa haikuwa Sabato. Akasema, "Twende kwa mkutano."

Siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mkutano mkuu wa mfuko, hapa hapa kanisani, kwa sababu kituo ni kidogo. Mimi nilikuwa nimesahau. Tulitembea tukipumzika kila mahali, mgonjwa akimwongoza kipofu, na watu walitupita. Tulipofika mkutano ulikuwa umeanza. Maranga alikuwa mbele, ametaja waliotibiwa, ametaja wanaodaiwa, anataka kufunga kwa maombi. Mama akainua mkono. Akasema ana swali moja. Yeye anakatwa chai tangu mfuko uanze na hajawahi kusomewa sheria. Anaomba asomewe, yote, toka mwanzo.

Watu walinung'unika, jua lilikuwa kali na wengine walikuwa na ng'ombe wa kukamua. Ombati alikuwa safu ya pili. Akasema kwa sauti, "Mama anataka hadithi." Wakacheka. Lakini ni haki ya mwanachama, na Maranga hangeweza kukataa mbele ya watu wote. Akaanza kusoma. Alisoma haraka, kwa sauti ya mtu anayehesabu magunia. Nani anaweza kujiunga. Nani anatibiwa chini ya nani: mwanachama, mume au mke, watoto, mzazi, mke wa mwana kwa haki ya mwana. Mgonjwa aripotiwe kabla ya kulazwa, isipokuwa ajali. Mwanachama mpya angoje. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, nasikia maneno yakienda mbali na kurudi. Alikuwa karibu kumaliza.

Mama akasema, "Rudia hapo."

"Wapi, Mama?"

"Hapo pa kuachiwa."

Maranga alirudia. Sheria ilisema mwanachama aliyezeeka aweza kumwachia mtoto wake uanachama angali hai, na mtoto huyo ataendelea pale mzazi alipofika, bila kungoja. Lakini mwenye kuachia ni lazima amtaje mtoto wake mbele ya mkutano, kwa mdomo wake mwenyewe, na mkutano ukubali.

Sheria hiyo sote tulikuwa nayo miaka yote, ndugu zangu. Hata wenye digrii humu ndani hawakuijua, na hata mimi sikuijua, kwa sababu hakuna mzee wa huku anayeachia kitu chochote angali hai. Imeandikwa, lakini haijawahi kutumiwa. Kwetu mtu akiachia mali akiwa anapumua, watu husema amejizika.

Mama akasimama. Nilitaka kumshika mkono, akanisukuma kidogo. Akasema anamwachia Kemunto.

Maranga akasema kwa ule upole wake, "Mama, sheria inasema mtoto. Kemunto ni mke wa mwana. Ndivyo ulivyosema mwenyewe, nikaandika."

Hapo Ombati naye akasimama. Simlaumu kwa kusema. Namlaumu kwa jinsi alivyosema, anatabasamu, anageuka huku na huku aone kama watu wanasikia. Alisema, "Mama, tufundishe sisi vijana. Ng'ombe walitoka kwa jina la Omwenga. Watoto wanaitwa Omwenga. Nyumba ni ya Omwenga. Kama Kemunto ni mtoto wako, basi Omwenga ni nani?"

Mlielewa nyote alichokuwa anafanya. Kama Mama angesema Omwenga ni mwanawe, mimi ningekuwa mke wa mtu asiyeweza kuweka sahihi, na ningekufa. Kama angesema Omwenga si mtu, basi ng'ombe wale, nyumba ile, jina la watoto wangu, na yote aliyoyasimamisha tangu alipofiwa, angeyaangusha kwa mdomo wake mwenyewe, hapo mbele ya ukoo mzima uliomcheka kwa kukosa mwana. Nilijua hivyo. Nilitaka kumwambia aketi. Nilikuwa tayari kufa kuliko kuona hilo.

Mama Bosibori alishika benchi lililokuwa mbele yake. Kisha akasema, na maneno yake ninayaandika kama alivyoyasema:

"Omwenga ni mtoto niliyemngoja. Nimemngoja hadi macho yamechoka. Hakuja. Huyu alikuja. Aliponiona nimelala na homa alinisafisha, mwana hangefanya hivyo. Ninawaambia leo Omwenga hayuko, hakuwahi kuwako, na mtoto wangu ni Kemunto. Andika, Maranga."

Maranga hakuandika. Aligeukia mkutano, nadhani alitumaini utakataa. Mama mmoja wa nyuma akainua mkono, halafu mwingine. Wanaume walichelewa. Mwisho mikono ilikuwa mingi kuliko iliyokuwa chini. Ombati hakuinua. Maranga akaandika.

Siku iliyofuata nilikwenda kwenye ile ofisi nikaweka sahihi yangu, ambayo ni ya polepole, herufi moja moja, kama mwanachama. Barua ya hospitali ilitoka. Nilipasuliwa Kisii. Walitoa uvimbe, wakanitia damu ya watu nisiowajua, na Mungu awabariki watu hao mahali walipo. Nilipozinduka niliuliza Mama yuko wapi, nikaambiwa yuko nje, ameketi kwenye nyasi, amekataa kula mpaka asikie sauti yangu.

Ndugu zangu, naona wengine wananingoja niseme kila kitu kiliisha vizuri. Haikuisha hivyo. Ombati alikwenda kwa wazee akasema Mama ametamka mwenyewe kwamba hana mwana, kwa hivyo boma halina mrithi. Kesi hiyo bado inazunguka. Shamba liko kwa jina la Mama na yeye amenipa mimi kwa maandishi, lakini usiku mmoja nikiwa bado wodini Ombati alihamisha mpaka, na mistari ya chai iliyo upande wa mto bado anaichuma yeye. Nikimpita njiani namsalimu kwa sababu Bwana ameniambia nisamehe. Sijafika bado kwenye kusamehe. Nimefika kwenye kusalimu.

Maranga naye aliniambia baadaye kwamba alikuwa anafuata sheria tu. Nilimuuliza kama alikuwa anaijua ile sheria ya kuachia siku niliyokaa kwenye magunia ya mbolea. Akasema hakuulizwa. Basi ninawaambieni, ndugu zangu, ulizeni. Ulizeni mkiwa wazima, mkiwa na nguvu za kusimama. Someni, na asiyejua kusoma asomewe hadi mwisho, hata watu wakicheka, hata ng'ombe wakilia kukamuliwa. Uliza wewe umeandikwa chini ya nani, na huyo mtu yuko wapi. Sasa kila mkutano sheria husomwa zote. Maranga ndiye anayezisoma. Mimi huketi safu ya mbele.

Mwaka huu, kabla ya mvua kubwa, Mama alishikwa na homa ya mapafu. Nilimpeleka hospitali ile ile. Msichana wa dirishani aliuliza mwanachama ni nani, nikasema ni mimi. Akaniuliza mgonjwa ni nani wangu. Siku nyingi nilikuwa nimezoea kueleza, nikianza na ng'ombe, na desturi, na Omwenga. Nilifungua mdomo nieleze. Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu nyuma yangu, anapumua kwa shida, lakini masikio yake bado ni mazima.

Nikasema, "Mama yangu."

Msichana akaandika, hakuuliza zaidi. Mama alipona, yuko pale kwenye benchi la tatu, amevaa kitambaa cheupe, mnaweza kumsalimu mkitoka.

Namshukuru Mungu kwa uhai. Namshukuru kwa mikono iliyoinuliwa siku ile, na iliyochelewa pia nimeihesabu kwa shukrani. Na kama kuna mtu hapa ambaye hana mahali pa kuandikwa, si mke, si mjane, si mtoto wa mtu, nakwambia nikiwa nimesimama kwa miguu yangu: mtumaini Bwana, na usikae kimya. Mimi nilikaa nje ya ubatizo miaka mingi nikifikiri hata kwake nitaulizwa mume wangu yuko wapi. Sikuulizwa. Amina.